Mtaa wa Mahari, au Mahali

Jumatatu, 9 Juni

Nimefungua saa moja. Ukungu. Nimefagia baraza, nimenyunyizia maji vumbi la jirani, nimepanga ndoo za plastiki nje ili duka lionekane lina mambo. Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la ghala la mwisho, fundi Zaituni alikwishakaa kwenye cherehani. Kavuka kuja kununua zipu. Moja.

Anashona nusu ya mji huu na ananunua zipu moja moja. Niliwahi kumwambia dazeni ni nafuu. Akasema hana pa kuziweka. Zipu! Sikubishana. Mwenye duka mwenye akili habishani na mteja anayerudi mara nne kwa siku.

Mchana kaja Mama Koku, mwenyekiti wetu wa mtaa. Vibao vya majina vinakuja. Kila mtaa utoe jina na maelezo ya lilikotoka. Wetu ni Mtaa wa Mahari tangu sijazaliwa, lakini mhubiri wa ghala la kwanza anataka uwe Mtaa wa Baraka, na muuza saruji anataka Mtaa wa Maendeleo. Mama Koku kanitwisha mimi historia. "Wewe una miwani," kasema. Sifa zangu za kitaaluma zikaishia hapo.

Jumatano, 11 Juni

Historia. Najaribu.

Maghala matano, yote yalijengwa kwa ajili ya kahawa. Enzi hizo kahawa ya Karagwe, pamoja na ya huko ambako sasa ni Kyerwa, ilifika hapa kwa vichwa vya watu, kwa baiskeli na kwa malori, ikapimwa, ikashonewa kwenye magunia, ikaenda Bukoba. Babu yangu alitoka Pangani akiwa karani wa mnunuzi. Aliaga kwao kwamba anakuja msimu mmoja. Kaburi lake liko nyuma ya msikiti. Msimu umekuwa mrefu.

Leo: ghala la kwanza ni kanisa la uamsho. La pili saruji. La tatu wanaonyesha mpira. La nne lina popo, wapangaji pekee wasio na spika. La tano limefungwa, baraza lake ndilo la Zaituni. Ukiweka pua kwenye ufa wa mlango, kahawa bado imo. Nimeweka pua leo, kwa ajili ya utafiti. Zaituni kaniuliza nanusa nini. Nikasema historia.

"Usiimalize," akasema, bila kuinua macho kwenye sindano.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala nimepita kwa Mzee Kagoro, aliyebeba magunia hapa ujana wake wote. Kanipa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikapu, kama mgeni anavyopewa. Tukatafuna kwanza. Historia ya huku haianzi na mdomo mtupu.

Kasema hivi. Msimu wa kahawa ndio ulikuwa msimu wa kuoa. Mwenye kuoa alileta magunia kwenye mizani. Baba wa binti hakuwa na haja ya kuingia ghalani. Alikaa kwenye mawe pale mdomoni mwa mtaa, na fimbo yake, anaangalia mawingu. Mtaa huu una mdomo mmoja tu, nyuma ni korongo. Ukishalipwa kahawa yako hupiti kwenda kwenye rubisi, pombe ya ndizi, ila umsalimie mkweo. Shikamoo ya siku hiyo, anasema, ilikuwa ndefu kuliko hotuba. Ukiulizwa unakwenda wapi na gunia, unajibu: kwenye mahari. Jina likaganda.

Mkewe akadakia kutoka jikoni. "Mwulize yeye alipita wapi! Alipita korongoni!"

Mzee akatafuna. "Nilirudi."

"Baada ya baba kuja kukushika shati!"

"Lakini si nilirudi, waitu."

Nimeandika habari ya mawe. Korongo nimeliacha. Kila historia ina watu wa kulindwa.

Jumapili, 15 Juni

Zaituni kaniletea ndizi na maharage kwenye hotipoti. Huwa analeta Jumapili, anajua tangu mke wangu atangulie jikoni kwangu hupikwa chai tu. Binti yangu Rukia, aliyeolewa Mwanza, hunipigia simu kuniuliza nimekula nini. Jumapili simdanganyi.

Nimemsomea Zaituni historia yangu. Kasikiliza huku anapinda upindo wa sketi. Yeye Kinyambo ndicho alichozaliwa nacho, na katika Kinyambo chake r na l hawana ugomvi, wanaazimana viti. Kwake gari ni ghali na ghali ni gari, na hapo sijui kama amekosea. Mimi ananiita Mswahiri. Nimezaliwa hapa, Kinyambo nakisikia mpaka matusi yake, lakini babu alitoka Pangani, basi mimi ni Mswahiri mpaka sanda.

Nilipomaliza kusoma kaelekeza kidole ghalani. Kasema mahari yake ya kwanza ilipimwa humo ndani, marehemu mumewe akiwa kijana mwembamba amevaa koti la kuazima.

Ya kwanza.

Mtu mwenye moja tu hasemi ya kwanza. Nimelifikiria neno hilo mpaka maharage yakapoa.

Jumanne, 17 Juni

Nimeshinda Nyakahanga hospitali, kupima presha. Imepanda kidogo. Nesi kaniuliza kama kuna kinachonisumbua. Nikasema zipu. Hakuandika.

Duka kaniangalizia Zaituni. Kauza ndoo tatu, ndoo ambazo nilikwisha kuzizoea kama watoto wa ndugu. Kijana wa vibao naye alikuja nikiwa sipo, akamhoji Mama Koku, akaondoka. Karatasi yangu ya historia hakuitaka. Kasema jina tu linatosha. Nimeudhika. Nilikuwa nimeinakili kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi, 26 Juni

Siku mbaya.

Ghala la tano limepata mwenye pesa. Anafungua duka la vifaa vya ujenzi. Baraza litafungwa kwa nondo. Kampa Zaituni mpaka mwisho wa wiki ijayo. Hakuwa mkali, kashikana naye mkono, kanunua hata kitambaa cha meza. Ningependa awe mtu mbaya. Ingenisaidia.

Kaka yake Zaituni, Hamisi, yuko Nyaishozi. Ana chumba cha nyuma karibu na senta, amemwambia njoo. Nyaishozi si mbali. Bodaboda zinakwenda kutwa. Ila hakuna mtu atakayetoka Nyaishozi kuja kununua zipu moja.

Jioni kavuka. Nikamuuliza sasa itakuwaje. Kaangalia mashelfu yangu muda mrefu, kama mtu anayekadiria kitambaa.

"Mimi sina makuu, Mswahiri," akasema. "Natafuta mahari tu."

Akachukua uzi wake akavuka. Nimebaki na chenji yake mkononi.

Ijumaa, 27 Juni

Natafuta mahari tu.

Kama mimi ndiye niliyelisema, hakuna utata. Kalisema Zaituni. Mdomoni mwake mahali pa kuweka cherehani na mahari ya kuolewa ni kitu kimoja. Nimelirudia neno lile kwa sauti yake, peke yangu, nyuma ya magunia ya sukari. Mteja kanikuta. Nikajifanya naswali.

Sarufi ingeniokoa. Angesema mahali pazuri, ningejua. Angesema mahari nzuri, ningejua. Lakini huku kwetu mahali nayo ni nzuri, ni yangu, ni ile pale. Watu wamevunja uzio wote, ng'ombe wanachanganyika.

Ikiwa alitaka mahali, na mimi nikaenda na habari za mahari, nitakuwa mzee mpumbavu aliyemposa mtu anayetafuta kibanda. Ikiwa alitaka mahari, na mimi nikampa kona ya kibanda, nitakuwa mpumbavu zaidi.

Namtaka. Nimeandika. Liko hapo sasa.

Jumatatu, 30 Juni

Nimejaribu ujanja. Kavuka kuchukua vifungo. Nikamwuliza, huku nakuna sikio kama mtu asiye na haja ya jibu, lile jambo lako la juzi, unataka ya namna gani?

"Ya kutosha," akasema.

Ya kutosha! Mwanamke huyu angefaa kuwa wakili.

Hamisi anakuja Jumamosi na pikapu.

Jumanne, 1 Julai

Kibao kimesimama. Chuma, rangi ya buluu, herufi nyeupe, zege chini. Pale pale mdomoni, karibu na mawe ya wakwe.

MTAA WA MAHALI.

Mtaa mzima ulitoka. Muuza saruji alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko. Mhubiri akasema laiti wangemsikiliza. Mtaa wa Mahali! Ni sawa na kumwita mtoto Mtu.

Mama Koku kasimulia ilivyokuwa. Yeye kamwambia kijana: Mtaa wa Mahari. Kijana katabasamu, mpole kabisa, mtoto wa shule. Akauliza, mahali? Yeye akajibu ndiyo, mahari. Kijana akasema sawa mama, mahali. Akaandika. Walielewana vizuri sana. Kijana alifika kaambiwa kwamba Wanyambo wanachanganya herufi, akamsahihishia kwa heshima bila kumwaibisha. Mara moja katika uhai wake Mama Koku katia r panapostahili, na ndiyo iliyonyolewa.

"Nitawaandikia barua mpaka wajute!" Mama Koku anasema. Kaniambia niitunge mimi.

Zaituni alikuja wa mwisho, sentimita ya kupimia nguo shingoni. Kasoma kibao polepole. Kageuka akatutazama sote tunavyolia na kucheka.

"Sasa kosa liko wapi?" akasema. "Si wameandika mahari?"

Ijumaa, 4 Julai

Anafunga vitu. Nguo za watu zimekwenda kwa wenyewe. Baraza limeanza kuwa kubwa. Sikujua kule nyuma yake ukuta una rangi ya kijani, miaka yote nimeona mgongo wake.

Kavuka mara moja tu leo. Hakununua. Karudisha hotipoti yangu ndogo ambayo nilikwisha kusahau kwamba ni yangu. Nikasema ungebaki nayo. Kasema Nyaishozi hotipoti zipo.

Mimi ni mwoga. Babu yangu alitembea kutoka reli ilipoishia kwa ajili ya kahawa ya mtu mwingine. Mimi siwezi kuvuka barabara ya vumbi.

Msikitini nimeswali nikaomba pikapu iharibike. Kisha nikaomba radhi. Hamisi ni mtu mwema, ana watoto.

Jumamosi, 5 Julai

Pikapu haikuharibika.

Naandika ilivyokuwa, kabla sijaanza kuipamba.

Hamisi kafika, tukaamkiana. Vitambaa vikapanda, kabati likapanda, kiti kikapanda. Ikabaki cherehani, ile ya miguu, ya chuma, meza na yote. Hamisi akashika mbele, mimi nikashika nyuma. Pikapu ilikuwa kushoto. Tulipofika katikati ya barabara miguu yangu ikaenda kulia.

Hamisi akavuta. Mimi nikavuta.

"Mzee Idrisa, gari iko huku."

"Naiona."

"Sasa mbona unaenda dukani?"

Nikasimama. Cherehani ikasimama. Watu wa mpira wakatoka nje, hata mhubiri akazima spika. Zaituni alikuwa barazani ameshika ufagio. Hakuacha baraza la watu chafu, hata la watu waliomfukuza.

Nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyopanga: "Zaituni. Mahari sijui kama ninayo ya kutosha. Mahali ninapo."

Kuku tu ndio waliendelea na yao.

"Umesema nini?"

"Mahari sijui kama ninayo. Mahali ninapo."

Akauegemeza ufagio ukutani. "Hayo ni maneno mawili, au umerudia rile moja?"

Mtaa ukapasuka kwa kicheko. Nimemcheka yeye kwa r zake miaka mingi. Leo deni limelipwa hadharani.

Hamisi alikuwa anatoka jasho. "Dada, mashine nzito. Amueni jamani, mkono unakatika."

Zaituni akashuka ngazi. Akavuka barabara polepole, hakutazama kushoto wala kulia, akapita kando yetu na cherehani yetu, akasimama mlangoni kwangu.

"Ireteni huku," akamwambia kaka yake. "Si amesema anayo mahari."

Mpaka naandika sijui ni ipi.

Jumapili, 6 Julai

Hamisi alilala kwangu. Asubuhi kaketi kama walii wa dada yake, suruali ya jana lakini shingo ya leo. Kwa heshima ya wazee wa Nyaishozi akaomba mbuzi. Nikakubali haraka, akajuta hakuomba wawili. Kisha akasema mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, basi mwenyewe aseme.

Zaituni alikuwa amekwisha zunguka duka lote. Kaingia mpaka stoo ya kando, ile yenye ukuta wa kuangalia barabara. Babu aliijenga bila dirisha, kwa kuwa kahawa haipendi upepo na wezi wanapenda dirisha. Humo mchana unahitaji tochi.

Kasema anataka dirisha.

Hamisi akamwambia dada, tunaongea mahari. Akasema ndiyo, ndiyo anayoitaja. Dirisha katika ukuta ule. Pana, lifike kiunoni, fundi haoni tundu la sindano gizani. Bila dirisha hakuna ndoa.

Hamisi akanitazama. Nikamwambia shemeji, dada yako ameshona mahari na mahali kwa uzi mmoja.

Furaha. Naona haya kuiandika, kama mtu aliyekutwa anakula peke yake.

Jumatatu, 14 Julai

Tumevunja ukuta. Babu alijenga kwa kinyongo. Udongo mwekundu, mawe makubwa, na katikati ya mawe punje za kahawa zilizokuwa zimeanguka wakati wa kukandika, nyeusi, nyepesi kama maganda ya wadudu. Mwanga ulipoingia stoo nzima ikaonekana, na aibu zake. Utando wa buibui. Kreti za soda za kampuni iliyokwisha kufa. Viatu vya marehemu mke wangu, jozi moja, kwenye rafu.

Nilivishika. Zaituni aliona. Kavichukua mikononi mwangu, akavifuta kwa kanga yake, akavirudisha kwenye rafu palepale. Nikatoka nje kidogo, nikawaambia mafundi vumbi limeniingia machoni.

Ijumaa, 18 Julai

Nikaha baada ya swala, mkekani ng'ambo ya duka langu. Rukia kaja kutoka Mwanza, kalia kuliko bibi arusi, kisha kakagua jiko langu akalia tena. Sheikh aliuliza mahari, ipo au ya baadaye. Hamisi akanyoosha kidole ng'ambo kuelekea dirishani: ile pale, ina fremu na kioo. Sheikh akasema katika maisha yake hajawahi kuozesha kwa dirisha, lakini kitu kina thamani na mke ameridhika.

Mzee Kagoro alikuja na mkewe. Alikaa kwenye yale mawe mdomoni mwa mtaa, na fimbo, akaniambia yuko hapo kuhakikisha sipiti korongoni. Mkewe akasema maskini, yeye ndiye mwenye uzoefu.

Jumatano, 23 Julai

Mama Koku kafuata barua ya kusahihisha kibao. Nilikuwa nimeianza. Nimemwomba aache kwanza. Kanishangaa, akaniuliza na historia je, nani ataijua? Nimemwambia historia iko pale pale, imebadilisha herufi moja tu, na watu wa huku herufi hiyo hawajawahi kuiona tofauti.

Kasema ndoa imeniharibia akili. Kachukua pipi ya bure akaondoka.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua saa moja. Ukungu. Nimefagia, nimepanga ndoo. Ng'ambo nondo zimemaliza kufunga baraza, ndani wanapanga misumari. Harufu ya kahawa nadhani itakufa mwaka huu. Nimeinusa kwa mara ya mwisho juzi, mlango ukiwa wazi. Sikuimaliza.

Cherehani inalia stooni. Jua likitoka linapita dirishani, linafika kwenye sindano kwanza, kisha kwenye mikono yake. Nimemwekea humo katoni nzima ya zipu, rangi zote, kwenye rafu inayomgusa bega. Sasa anapo pa kuziweka.

Saa tatu cherehani ikanyamaza. Nikasikia mlango wa nyuma. Nikamwona katokeza nje kwenye vumbi, kazunguka kona ya duka, kapandisha ngazi za mbele, kasimama kaunta kama mteja.

"Mswahiri, una zipu?"

Nikampa moja.